Dawa imepotea kwenye maji, sawa, ila imekuwa nini?

Kidonge cha Septrini ukikimeza hakiishi chote mwilini. Sehemu inafanya kazi yake, sehemu inatoka na mkojo, ingine ikiwa imebadilika kidogo na ingine vilevile ilivyoingia, na kwa nyumba nyingi za hapa Dar huo mkojo unaenda kwenye shimo, shimo linanyonya chini taratibu au linajaa linaitiwa gari la majitaka. Huko juu Morogoro hali ni hiyohiyo, na Ngerengere inapita mjini Morogoro alafu inaenda kuingia Ruvu, na Ruvu ndo maji yetu. Mitambo yetu mikubwa miwili, Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, yote inachota maji chini ya hapo mito inapoungana. Ongeza mashamba ya mahindi na mpunga na dawa za magugu na za wadudu zinazosombwa mvua za masika zikianza. Wenzetu Kenya wameshapima mito ya Nairobi wakakuta dawa za binadamu, ikiwemo sulfamethoksazoli ambayo ndo moja ya dawa mbili zilizomo kwenye hiyo Septrini yenyewe, kwaiyo sio mambo ya Ulaya tu haya. Nataka tuongelee namna ya kuziondoa kwa gesi ya ozoni ikisaidiwa na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi yake.

Naomba nieleweke mapema kabla mtu hajaforwadi hii kwenye grupu la mtaa na kichwa cha habari cha kutisha: sisemi maji ya bomba ni sumu. Piga hesabu hii. Chukua maji yenye nanogramu 100 za diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa lita (nanogramu ni gramu moja ikigawanywa mara bilioni), kunywa lita 2 kila siku kwa miaka 70, jumla yake inakuja miligramu 5 na kidogo. Kidonge kimoja unachopewa duka la dawa ukisema mgongo unauma ni miligramu 50. Yaani maisha yako yote umekunywa sehemu ya kumi ya kidonge kimoja. Ukiniambia kipindupindu kwanza nitakubaliana na wewe bila kubishana, maana kile kinaua ndani ya siku moja.

Ila sio kila kitu kinafanya kazi kwa kiwango cha kidonge. Homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango waliiweka makusudi kwenye ziwa moja la majaribio kule Ontario, Canada, kuanzia 2001 mpaka 2003, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, na samaki wadogo wa ziwa lile karibu waishe wote, madume yalianza kutengeneza protini ya mayai. Antibayotiki nazo hata zikiwa kidogo zinakutana na bakteria mtoni kila siku. Na sisi hatunywi kitu kimoja, tunakunywa mchanganyiko, miaka nenda rudi, na watoto wanaunywa tangu tumboni. Mimi hii inatosha kunifanya nitake ijulikane na ishughulikiwe.

Sasa mtambo wa kawaida unafanya nini? Maji ya mto yanaingia na tope lake, inawekwa shabu au dawa nyingine ya kugandisha, tope linashikana linazama, maji yanapita kwenye mchanga, mwisho klorini. Huu utaratibu ni mzuri sana, umeokoa watu wengi kuliko hospitali nyingi, lakini ulibuniwa kwa ajili ya tope na vijidudu. Molekuli ndogo iliyoyeyuka kabisa kwenye maji haishikwi na shabu vizuri wala mchanga haiioni. Klorini inazigusa baadhi na nyingine inaziacha zilivyo.

Hapo ndo ozoni inaingia. Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, inatengenezwa palepale mtamboni kwa kupitisha umeme mkali kwenye oksijeni, na inabidi itumike palepale maana ndani ya maji inaisha kwa dakika chache tu. Sio teknolojia mpya hata kidogo, mji wa Nice kule Ufaransa umeanza kutibu maji ya kunywa kwa ozoni tangu 1906. Walitaka kuua vijidudu na kweli inaua, mpaka vile ambavyo klorini inashindwa navyo. Milwaukee kule Marekani mwaka 1993 watu kama laki 4 waliugua tumbo kwa kijidudu kinaitwa kriptosporidiumu kilichopita kwenye maji yenye klorini, baada ya hapo wakafunga ozoni. Kwaiyo mtu akisema kipindupindu kwanza ndo mabaki ya dawa baadaye, namwambia mtambo huohuo unafanya vyote viwili.

Lakini ozoni inachagua, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe. Inapenda sehemu ya molekuli yenye elektroni nyingi, zile bondi mbilimbili, zile pete zenye nitrojeni au oksijeni pembeni. Diklofenaki inayo sehemu hiyo. Karbamazepini, dawa ya kifafa, inayo. Sulfamethoksazoli inayo. Weka miligramu 1 ya ozoni kwenye lita ya maji na nusu ya diklofenaki inakuwa imeshashambuliwa kabla hata ya sekunde moja kuisha. Ila ibuprofeni, hii brufeni ya kila siku, kwa ozoni hiyohiyo peke yake ingetaka karibu saa nzima kufika nusu, na ozoni yenyewe haikai saa nzima. Kasi zao zinapishana mara laki moja. Atrazini, kiuagugu cha mahindi, iko upande huohuo wa brufeni. Yani mtu akikwambia ozoni inaondoa dawa kwenye maji muulize dawa ipi, maana jibu linabadilika kabisa.

Kinachoiokoa hali ni kwamba ozoni ikivunjika ndani ya maji inazaa kitu kingine, radikali ya haidroksili, kipande kidogo kikali mno chenye oksijeni moja na haidrojeni moja. Hii haichagui. Inaishi muda mfupi mno lakini ikigusa brufeni inaivunja, ikigusa atrazini inaivunja. Tatizo ni uchache wake. Mwaka 1999 watafiti Elovitz na von Gunten, wakiwa Uswisi, walionyesha namna ya kupima uwiano wa radikali kwa ozoni, na kwa maji mengi ya asili unakuja radikali 1 kwa ozoni milioni 100 hivi. Na pamoja na uchache huo bado ndo inafanya kazi kubwa zaidi kwenye brufeni kuliko ozoni yote iliyobaki. Fikiria ukiweza kuziongeza.

Kichocheo kazi yake ni hiyo. Unachukua kitu kama oksaidi ya manganizi, au ya chuma, au alumina, titani, seriamu, unakitengeneza punje punje unajaza kwenye mnara ambao maji yenye ozoni yanapita. Ozoni inatua juu ya uso wa ile punje, inavunjika, zinatoka radikali, au oksijeni kali inayobaki imeshika usoni pale ikisubiri molekuli ipite. Punje yenyewe haiishi, au tuseme haitakiwi kuisha. Kuna njia nyingine ya kufika hapohapo, unaongeza haidrojeni peroksaidi kwenye maji yenye ozoni, na hiyo imeshatumika kwenye mitambo mikubwa miaka mingi, lakini ni kemikali ya kununua kila mwezi, kusafirisha, kutunza kwa uangalifu. Punje zikikaa kwenye mnara hununui kila mwezi. Ndo maana watafiti wamezipenda sana.

Moja ya kazi ninazozirudia ni ya watafiti Ma Jun na Nigel Graham, waliangalia atrazini na manganizi kidogo kwenye ozoni miaka ya mwisho ya tisini. Manganizi ilisaidia kweli, atrazini ilivunjika zaidi kuliko kwa ozoni peke yake. Ila walipoongeza zile asidi za mboji, ile rangi ya chai unayoiona mtoni majani yakioza, kidogo yake ilisaidia na ikizidi ilizuia. Hili mtu wa Dar alisome mara mbili. Ruvu wakati wa masika sio maji safi ya maabara, ina tope, ina mboji, ina kila kilichosombwa kutoka Uluguru mpaka chini. Radikali haichagui, nimeshasema, na kutochagua huko kuna upande wa pili: itakula mboji kabla haijafika kwenye brufeni, kwa sababu mboji ni miligramu na brufeni ni nanogramu. Kwaiyo kichocheo hakichukui nafasi ya shabu na mchanga hata siku moja. Kinakuja baada yao, maji yakishakuwa meupe, na shabu ikifanywa vibaya huku mbele hakuna kichocheo duniani kitakachofidia huko nyuma.

Sasa swali langu la kwenye kichwa cha habari. Karatasi nyingi za kisayansi zinaleta grafu moja inayoshuka: dawa ilikuwa asilimia 100, baada ya dakika kumi imebaki 2, makofi. Grafu inasema imepotea. Haisemi imeenda wapi.

Inaweza kuwa haijavunjika kabisa, imenasa tu kwenye punje kama maji kwenye dodoki. Mkemia mmoja, Jacek Nawrocki wa Poznań, Poland, aliwasema wenzake wa fani hii waziwazi, kwamba wengi wanaita kichocheo kitu ambacho kinashika tu, au hawakuangalia kama pH ya maji, kile kipimo cha uasidi, imebadilika baada ya kuweka unga wao, na pH ikipanda ozoni inavunjika yenyewe haraka hata bila kichocheo. Mimi namheshimu sana kwa hilo. Punje zinazoshika tu zitajaa, siku zikijaa maji yatapita na kila kitu chake na hamna atakayejua. Suluhisho ni kutumia punje zilezile mara nyingi mfululizo, kupima pia bila ozoni, na kupima kama madini yenyewe hayatoki kuingia kwenye maji, maana hatutaki kutoa brufeni tuweke manganizi.

Au inaweza kuwa imevunjika lakini imekuwa kitu kingine. Karbamazepini ndo mfano mzuri. Ozoni inaipiga kwenye ile bondi yake mbilimbili kwa sehemu ya sekunde, ukipima karbamazepini huioni tena, kazi imeisha kwenye ripoti. Lakini kinachotoka ni molekuli nyingine ambayo bado ina pete, wataalamu wanaiita kwa kifupi BQM, na hiyo BQM haina tena ile sehemu ozoni inayoipenda, kwaiyo ozoni inaipita tu na yenyewe inabaki majini. Hapa ndo radikali, na kichocheo kinachozizaa, vinapata maana yake hasa: sio kuipoteza karbamazepini, hiyo ozoni imeshaiweza peke yake, ni kuendelea na kilichobaki baada yake.

Na hata ukiendelea mpaka mbele, mwisho unafikia vitu vidogo vidogo, aldehaidi, asidi ya fomiki, asidi ya oksaliki. Kuvunja mpaka ibaki hewa ukaa na maji ni ghali, na ozoni peke yake haifiki huko, oksaliki inagoma kabisa mbele ya ozoni ya kawaida. Vichocheo vinaisogeza zaidi. Hizo asidi kwa binadamu sio shida kwa kiwango hicho, shida ni kwamba ni chakula kitamu sana cha bakteria. Na sisi tunaishi wapi? Kwenye mji ambao maji yanatoka kwa mgao, bomba linakaa siku kadhaa halina presha, alafu maji yanalala kwenye simtanki juani. Ukipeleka maji yenye chakula cha bakteria kwenye mabomba ya namna hiyo umetatua tatizo la nanogramu umeleta tatizo la tumbo. Kwaiyo baada ya ozoni lazima pawe na chujio la mkaa maalum lenye bakteria wake wanaoishi humo kwa makusudi, wale wale wanakula asidi hizo ndani ya mtambo, alafu klorini mwisho kulinda njiani, maana ozoni haiachi ulinzi wowote kwenye bomba. Wajerumani wa Mülheim walijua hili tangu miaka ya sabini, ozoni kisha mkaa wenye bakteria.

Nimefika kwenye sehemu inayoniuma zaidi, visima. Watu wengi Dar wanakunywa au wanapikia maji ya kisima, na ukanda wa pwani visima vingi vina chumvi. Shemeji yangu anakaa upande wa Kigamboni, kachimba kisima, akaja kuuziwa mashine ya ozoni ya nyumbani, muuzaji anasema inamaliza kemikali zote. Alinipigia kuniuliza kabla ya kuifunga nikamwambia shem subiri kwanza.

Maji ya bahari yana bromaidi kama miligramu 65 kwa lita. Kisima kikiingiliwa na bahari asilimia 1 tu, unapata kama mikrogramu 650 za bromaidi kwa lita. Bromaidi yenyewe haina neno. Ila ozoni inaigeuza bromati, na bromati inashukiwa kusababisha saratani, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 tu kwa lita. Wataalamu wa ozoni wanaanza kuwa na wasiwasi bromaidi ikifika 50 mpaka 100, sisi hapo tunaongelea 650. Na ulimi haukusaidii, maana asilimia 1 ya bahari inaleta kloraidi kama miligramu 190 kwa lita, chini ya kiwango ambacho watu wengi huanza kusikia chumvi mdomoni. Unakunywa unasema maji matamu. Kuchemsha hakuitoi bromati, na klorini haiigusi.

Kwaiyo mtu alikuwa na kisima chenye nanogramu za brufeni ambazo zisingemfanya kitu, anafunga mashine, brufeni haiondoki vizuri kwa sababu mashine haina kichocheo wala muda, na anajitengenezea bromati ambayo haikuwepo. Hii inanikasirisha kweli. Na ozoni yenyewe ni gesi mbaya kwa mapafu, sehemu za kazi kikomo kinachotajwa sana ni sehemu 0.1 kwa milioni hewani, mtu anaiweka jikoni madirisha yamefungwa mtoto mwenye pumu yuko hapo. Shemeji nilimwambia apeleke maji maabara kwanza wapime bromaidi na chumvi, na kwa kisima cha chumvi kinachofaa ni mashine ya kusukuma maji kwenye utando, ile ya kuondoa chumvi, ambayo inashika bromaidi yenyewe pamoja na dawa nyingi.

Kuna matumaini hapo pia upande wa vichocheo. Oksaidi ya seriamu imeonekana maabara kupunguza bromati inayotengenezwa, kazi ya Wachina ya 2008, na hilo kwangu ni muhimu kuliko kuongeza asilimia tano za kuvunja atrazini. Kichocheo cha pwani ya Afrika Mashariki kinatakiwa kipimwe na maji yenye bromaidi ya pwani. Ukikipima na maji ya chupa yaliyosafishwa umepima kitu cha mtu mwingine.

Watu wataniuliza gharama. Ruvu Chini imejengwa kwa mita za ujazo 270,000 kwa siku. Tuseme gramu 2 za ozoni kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni kilo 540 za ozoni kila siku. Kutengeneza kilo moja kwa oksijeni kunakula kama yuniti 10 za umeme, kwaiyo yuniti 5,400 kwa siku, na oksijeni yenyewe juu yake. Inasikika nyingi, ila gawanya: simtanki la lita 1,000 ni yuniti 0.02. Kupandisha maji hayohayo mita 100 kwenda juu, hata kwa pampu isiyopoteza chochote, ni yuniti 0.27. Umeme sio ukuta unaotuzuia. Kinachotuzuia ni mitambo ya kununua, watu wa kuisimamia usiku na mchana, umeme usiokatika, na vifaa vya maabara vya kupima nanogramu, na hivyo vya mwisho ndo navililia zaidi kwa sababu bila hivyo hata hatujui tunaondoa nini.

Na sio kwamba Afrika haiwezi. Windhoek, Namibia, wanakunywa majitaka yaliyosafishwa tangu 1968, mtambo wao mpya wa Goreangab wa 2002 unatoa kama mita za ujazo 21,000 kwa siku, na ndani yake kuna ozoni, kuna mkaa wenye bakteria, kuna mkaa mwingine, kuna utando, kuna klorini. Mji wa jangwani hauna mto wa kuchezea, ukaamua. Dar mwaka 2022 mwezi wa kumi Ruvu ilipopungua sana na mgao ukaja tulionja kidogo maana yake. Mto ukipungua majitaka ya juu hayapungui nao, yanayoingia ni yaleyale kwenye maji machache, kwaiyo kiangazi kikali ndo wakati mbaya zaidi kwa nanogramu pia.

Mimi ningeanza bila kununua hata mtambo mmoja. Chukua maji Ngerengere kabla na baada ya Morogoro, Ruvu kabla na baada ya kuungana, Mlandizi yanapoingia na yanapotoka, masika na kiangazi. Pima karbamazepini maana haiozi kirahisi na inaonyesha wazi majitaka yamefika, pima sulfamethoksazoli, diklofenaki, brufeni, atrazini, na bromaidi usiisahau. Vyuo vyetu vina watu wa kemia wanaotafuta mada za shahada kila mwaka, wawape. Alafu mnara mdogo wa majaribio pembeni ya mtambo, maji ya Ruvu yenyewe baada ya mchanga, mmoja ozoni tupu, mmoja ozoni na peroksaidi, mmoja ozoni na punje za manganizi au seriamu, mmoja punje bila ozoni ili tujue nani anavunja na nani ananasa tu, uendeshwe mwaka mzima mpaka masika yapite juu yake. Na kwenye kila ripoti pembeni ya ile grafu inayoshuka iwekwe jumla ya kaboni iliyobaki, bromati, manganizi, na vile vipande kama BQM, hata kama vinaiharibu grafu.